Siku Zangu na Bwawa la Jumamosi

Mgongo ndio ulionipeleka majini. Nimeshona nguo miaka kumi na tisa kwenye kibaraza kimoja hapa Moshi mjini, sare za shule zaidi, na ukiinama juu ya cherehani muda wote huo mgongo lazima useme. Daktari alinipapasa uti wa mgongo, akaniandikia dawa ya kuchua, kisha akasema, "Na ukaogelee."

Nilicheka nikidhani ananitania. Mimi ni mzaliwa wa Masama. Kwetu maji ya mlimani hupita kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia migomba, na ni ya baridi kiasi kwamba ukitia mguu asubuhi kisigino kinakufa ganzi. Yalikuwa maji ya ng'ombe, ya migomba na ya kufulia. Sikuwahi kuambiwa na mtu kwamba mwanamke mzima aliyezaa watoto wawili anaweza kulala chali juu ya maji yakambeba.

Lakini lile neno la daktari lilinikaa. Nilianza kuwauliza wateja nikiwapima viuno: wewe unajua kuogelea? Mmoja akanielekeza kwenye nyumba ya wageni yenye bwawa uani, ambako kila Jumamosi saa mbili asubuhi kulikuwa na darasa la wanawake peke yao. Nikaenda. Tulikuwa sita. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa Kahe, mrefu, mwenye mabega mapana, aliyeanza kuogelea utotoni kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga akiwafuata kaka zake, kisha akaja kufundishwa vizuri alipopata kazi kwenye bwawa la shamba moja la miwa.

Sheria zake zilikuwa chache na hazikuwa na mjadala. Kwanza chooni. Kisha bafuni, na sabuni, hata kama umeoga nyumbani. Nywele zifungwe. "Bwawa ni sufuria moja," alisema siku ya kwanza. "Kila mmoja anaingia na alichokuja nacho."

Jumamosi mbili za mwanzo nilijifunza kupuliza mapovu na kushika ukingo huku nikipiga miguu. Nikawa nahesabu siku kama mtoto anayengojea sikukuu. Wiki ya tatu, Ijumaa mchana, nikiwa katikati ya kupinda sketi, nikasikia tumbo linavuta. Nikajua. Siku zangu zimefika.

Sikuona la kufikiria hapo. Mwanamke akiwa kwenye siku zake haingii majini. Hilo nililijua kama nijuavyo kwamba sindano ina ncha. Nikamwandikia mwalimu ujumbe: "Mwalimu, kesho sitafika, nimeshikwa na mafua."

Jibu likaja papo hapo: "Pole dada. Mafua ya juu au ya chini?"

Nilicheka peke yangu pale kibarazani mpaka mteja aliyekuwa anangoja suruali akanitazama. Nikaandika, "Ya chini."

"Basi njoo hivyo hivyo. Usipoingia utakaa pembeni unywe chai."

Nilikwenda nimevaa gauni, pedi mbili nimezipanga moja juu ya nyingine, nikakaa kwenye ukingo wa vigae. Wenzangu walikuwa majini wakisukuma vile vibao vya kuelea. Mwalimu aliwapa kazi ya kufanya, akaja kukaa kando yangu, miguu yake ikining'inia majini.

"Haya, niambie," akasema kwa sauti ya chini. "Unaogopa nini hasa?"

Ilibidi nifikiri. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Niliona aibu, hilo la kwanza, watu waone damu. Halafu nilidhani uchafu wa bwawa utaniingia, maana nilijua siku hizo mlango uko wazi. Halafu kuna aliyoniambia mama: maji ya baridi huigandisha damu, inarudi, inapanda kichwani, na mwanamke anaweza kupata wazimu. Na mwisho, ambalo ndilo lilinichoma zaidi, kuwachafulia wenzangu maji.

"Ya kichwani hata mimi niliambiwa kule Kahe," akasema, "na maji yetu kule ni ya uvuguvugu."

Tukacheka. Kisha akanieleza, bila haraka. Maji ya bwawa hayapandi mpaka tumboni. Mlango wa kizazi ni mdogo sana, na kuta za njia yenyewe zimegusana. Baridi kazi yake ni kukaza misuli. Wapo wanaosikia tumbo zaidi, na wapo wanaopata nafuu wakianza kupiga miguu. Damu kidogo ikiingia kwenye maji mengi yenye dawa ya kuua vijidudu haimdhuru mtu, lakini siyo sababu ya kuingia bila kujikinga.

"Mteja wangu mmoja ananiambia ukiingia majini damu inasimama," nikasema.

"Haisimami. Maji yanaikandamiza kidogo, kwa hiyo inaweza kutoka polepole. Ukikohoa, ukicheka, ukipanda ngazi kutoka, hiyo inakuja."

"Basi mtu avae pedi."

Akanitazama, nikaona anazuia tabasamu. "Wewe si fundi? Nenda nyumbani, weka pedi kwenye beseni la maji, uangalie. Halafu ndiyo uje uniambie."

Siku hiyohiyo mchana nilifunga kibaraza mapema. Nikajaza beseni, nikabandika pedi mpya kwenye kipande cha kitambaa kile ninachoshonea nguo za ndani, nikaizamisha. Nilikaa kwenye kigoda kuitazama kama mtu anayechemsha maziwa. Ilianza kuvimba hata kabla sijatulia. Gundi ikaachia upande mmoja, mabawa yakainuka, kisha kitu kizima kikajikunja na kuelea. Nikainyanyua, ilikuwa nzito kama donge la unga wa maandazi. Nikachukua mkasi, nikaipasua kujua kilichomo. Kati ya tabaka mbili za kitambaa laini kulikuwa na punje za utelezi, zinateleza vidoleni kama mbegu za nyanya. Hizo ndizo zinazokunywa. Na hazichagui cha kunywa. Ukiingia nayo bwawani itakunywa bwawa mpaka ishibe, na damu yako ikija itakuta hakuna nafasi.

Nilimpigia mwalimu kumwambia nilichoona, nikimweleza tabaka kwa tabaka. Akanisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaniambia yeye hutumia kikombe cha hedhi, kile cha mpira laini kinachokunjwa na kukinga ndani, lakini kwa mtu anayeanza wengi huanza na tamponi, ile pamba ndogo ya kuweka ndani. "Nenda famasi kubwa, uulize vizuri," akasema. "Ukirudi na maswali zaidi, hayo nitajibu."

Famasi kulikuwa na binti mmoja kaunta. Nilipomwambia ninachotaka, hakunielewa. Nikarudia. Akauliza kwa sauti ambayo mtu wa barabarani angeisikia, "Zile za kuingiza?" Mzee aliyekuwa nyuma yangu akaanza kusoma kwa makini sana tangazo la dawa ya meno. Kwa bahati akatoka mama mmoja wa makamo, mwenye koti jeupe, akanichukua pembeni kwenye kabati la nyuma.

"Umewahi kutumia?"

"Sijawahi hata kuiona."

Akafungua pakiti moja ya mfano, akaniwekea kiganjani. Kitu kidogo, kama kidole cha mwisho, kimefungwa uzi mweupe mwisho wake. Nikauvuta uzi ule kwa nguvu, mazoea ya kazi, kuona kama umeshonewa vizuri. Ulikuwa umepita katikati na kurudi. Nikaridhika.

"Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada," akasema yule mama. "Chukua saizi ndogo inayotosha wingi wa damu yako. Usikae nayo zaidi ya saa nne mpaka sita, na nane zisipite kabisa. Ukitoka kuogelea, badilisha, maana nayo hulowa. Na usisahau kutoa ya mwisho." Kisha akanishika mkono. "Ukiwa nayo ukapata homa ya ghafla, kutapika, kizunguzungu, au upele kama umeungua jua, itoe na uende hospitali siku hiyohiyo, uwaambie ulikuwa unatumia hii. Ni nadra sana, lakini ujue."

"Na hizi ni za waliozaa tu?"

"Ni za anayetaka," akanijibu.

Nyumbani ya kwanza niliitia kwenye beseni, sikujizuia. Ilichanua kama pamba inayopasuka kwenye tumba lake, ikanenepa taratibu huku uzi ukielea pembeni. Ya pili ndiyo niliyojaribu mwenyewe, siku zangu zikiwa bado hazijaisha. Sikuweza. Nilisimama vibaya, nikajikaza, nikasikia maumivu, nikaitoa jasho likinitoka. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikijishangaa. Nimezaa watoto wawili, mkunga alinielekeza kusukuma nikasukuma, na bado sijui njia ya mwili wangu inaelekea wapi.

Nilisoma kikaratasi kilichokuwa ndani ya boksi. Kulikuwa na mchoro, na mchoro ndiyo lugha yangu. Kumbe nilikuwa naelekeza juu kama anayepandisha zipu, wakati njia inalala kuelekea mgongoni. Kesho yake nikachuchumaa, nikapumua, nikaelekeza nyuma, mpaka kidole kikaingia hadi kiungo chake cha kati. Nikasimama. Sikusikia kitu. Nikatembea chumbani, nikainama, nikakaa, nikainuka. Ukiwa umeiweka sawasawa huisikii, ukiisikia, haijafika. Nilikaa nayo saa mbili tu kwa woga, nikaitoa salama.

Mwezi uliofuata siku zangu zilifika Alhamisi, na Jumamosi ilikuwa siku ya tatu. Niliamka mapema, nikanawa mikono, nikaiweka saa kumi na mbili asubuhi. Nikafanya kazi za nyumbani, nikapika chai, nikatembea mpaka bwawani. Nilikuwa nimejishonea kaptura nyeusi ya kitambaa cha kuogelea ya kuvaa juu ya kostumu, na uzi nimeukunja ndani vizuri kama mwisho wa pindo. Nikapita chooni, nikaoga kwa sabuni, nikashuka ngazi.

Kwa dakika kumi za mwanzo kila nikigeuka natazama nyuma yangu. Maji yalikuwa safi, yenye mistari ya mwanga inayocheza chini. Mwalimu akaniambia nilale chali, akaweka viganja viwili chini ya mgongo wangu. "Masikio ndani. Tazama juu." Nikatazama juu. Mlima ulikuwa wazi asubuhi ile, theluji yake kidogo. Ghafla nikagundua viganja havipo. Nilikuwa naelea. Mgongo wangu, ambao hata kitanda haukipendi, ulikuwa umenyooka wote, na hakuna mahali palipouma. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Nakumbuka tu kwamba nilisahau kabisa kwamba niko kwenye siku zangu.

Wakati wa kutoka ndipo mambo yalipoharibika. Nilikuwa nimepanda ngazi ya pili nikasikia kitu cha moto kinashuka ndani ya paja. Nikatazama. Mstari mwembamba, umechanganyika na maji, umefika gotini na tone moja limedondokea kigae cheupe. Nikabaki pale pale, mguu mmoja majini, mikono imeshika vyuma. Nilirudi kuwa binti wa miaka kumi na tatu.

Nyuma yangu alikuwa mama mmoja mwenye mvi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkubwa kuliko sisi sote darasani. Alinipita kwa upande, akachukua kitenge chake kwenye kiti, akanizungushia kiunoni, akakifunga fundo mbele kama anayemfungia mtoto.

"Nenda kaoge, mwanangu," akasema. "Mimi nimeyaacha hayo miaka mingi, na bado nayaota."

Nilipotoka bafuni, nimebadilisha na kuvaa nguo kavu, kile kigae kilikuwa kimeshamwagiwa maji ya dawa na kusuguliwa. Mwalimu alikuwa amepiga magoti kando ya bwawa na kichupa cha kioo chenye maji. "Njoo uone," akaniita. Aliponitazama hakuwa na huruma usoni, na hilo lilinisaidia. Akadondosha kidonge kidogo kwenye kichupa, akatikisa. Maji yakageuka rangi ya waridi. Akayalinganisha na rangi zilizopangwa kwenye kikadi.

"Hii inaniambia dawa bado ipo ya kutosha. Napima asubuhi kabla hamjaja, napima mkitoka. Maji haya yanakutana na jasho, mate, mafuta ya nywele na mikojo ya watoto wa wageni. Tone lako limekuta kazi inaendelea."

"Na yakikosa rangi?"

"Hapo hakuna anayeingia, awe kwenye siku zake au asiwe. Na yakiwa na ukungu, au yakinuka ukali wa kuchoma macho, usiingie pia. Wengi wanadhani harufu kali ndiyo usafi. Harufu kali ni dawa imepigana na uchafu mwingi."

Niliomba kushika kile kichupa. Nikakiinua kwenye mwanga. Kisha nikauliza nililotaka kuuliza tangu bafuni: nimekosea wapi?

"Uliweka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

Tukatazamana. Ilikuwa saa tatu na nusu. Siku ya tatu kwangu damu bado ni nyingi. Saa tatu na nusu zilitosha kuijaza, nami nilikuwa nimeingia majini na kitu kilichokwisha kunywa damu ya saa mbili. "Unaweka mpya hapa, chooni, kabla ya kuoga," akasema. "Na ukitoka unabadilisha tena. Usikae na kostumu mbichi ukipiga soga, utaanza kuwashwa. Ndiyo hivyo tu."

Ndivyo nilivyofanya tangu hapo. Miezi mingine siku ya kwanza tumbo linanikataza na sibishani nalo. Nabaki nyumbani na chupa ya maji ya moto. Miezi mingine naingia na kutoka bila mtu kujua, mimi mwenyewe nikiwamo. Kikombe cha hedhi nilikijaribu baadaye, nikakipenda, ingawa kilinichukua miezi miwili kukizoea na siku moja kilinichopoka mkononi kikarukia sakafuni kama chura. Nakichemsha kwenye sufuria yake peke yake kila siku zikiisha, na kabla ya kuingia majini nakimwaga na kukisuuza.

Kumwambia mama ilikuwa kazi nyingine. Nilipanda Masama Jumapili moja baada ya ibada. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, amekaa kwenye kigoda chini ya migomba anamenya ndizi za kupikia supu ya mtori, vidole vyeusi kwa utomvu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgongo?"

"Umepoa. Naogelea."

Nikachukua kisu kingine, nikaanza kumenya naye. Nilizunguka kwanza, nikasimulia bwawa, mwalimu wa Kahe, kuelea. Kisha nikasema kwa mkupuo: naingia hata nikiwa kwenye siku zangu. Nilingoja anikemee. Aliendelea kumenya ndizi mpaka ikaisha, akaitia kwenye maji.

"Na maji hayakuingii?"

"Hayaingii, mama."

"Unaweka nini?"

Nilikuwa na tamponi moja mkobani. Akafuta vidole kwenye kanga, akaishika, akaifungua, akaigeuza, akainusa ile karatasi iliyoifunga. "Na huu uzi ukikatika?"

"Unachuchumaa, unatoa kwa vidole safi. Ukishindwa unakwenda hospitali, wanatoa mara moja."

Akanirudishia, akachukua ndizi nyingine. Ng'ombe alikoroma bandani. Kisha mama akasema, huku akitazama ndizi zake, "Mimi niliwahi kuingia kwenye mfongo nikiwa kwenye siku zangu."

Kisu changu kilisimama.

"Nilikuwa binti. Kulikuwa na joto, na nilikuwa nanuka, nilijisikia vibaya. Tulikuwa tunatumia vipande vya nguo kuukuu, vinakwangua mapaja. Nikasubiri wenzangu waondoke na majani ya ng'ombe, nikaingia mpaka kiunoni. Halafu nikangoja."

"Ukangoja nini?"

"Damu ipande kichwani. Siku tatu. Usiku najishika paji la uso kuona kama wazimu umeanza."

"Ikapanda?"

"Haikupanda. Lakini sikumwambia mtu."

Sikujua nicheke au nikasirike. "Mama, na mimi ukaja kuniambia inapanda!"

"Ningekuambia nini?" Alinitazama sasa, macho yake ya miaka sabini na kitu yakiwa wazi kama ya mtoto. "Nilijua haikupanda kwangu. Kwa nini haikupanda, sikujua. Ningekuachaje ujaribu kitu ambacho sijui kwa nini hakikuniua?"

Niliitia ndizi yangu kwenye maji. Nikasafisha mahali kidogo chini kwa kiganja, nikaokota kijiti, nikamchorea. Kizazi hapa, kama parachichi lililopinduliwa. Mlango wake hapa. Njia inalala kuelekea mgongoni, hivi, na kuta zake zinagusana kama mfuko mtupu wa gauni. Damu inatoka huku. Maji yanaishia hapa.

Mama aliweka kisu chini, akasogeza kigoda, akainama juu ya udongo mpaka kilemba chake kikagusa bega langu.

"Hapo mlangoni sijaona vizuri," akasema. "Chora tena, uuchore mkubwa."